Madaftari Kumi na Moja ya Moïse Cirhuza

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Dzaleka, mlioko Lumbadzi, na ninyi wenzetu mliohamia Lilongwe na kutusikiliza kutoka Nsungwi, saa hii ya Jumamosi ilikuwa ya mtu mmoja. Kwa miaka tisa ilikuwa yake. Leo sauti yake haipo. Moïse Cirhuza, mtangazaji wa kipindi cha Ndani ya Fuvu, alifariki Jumanne ya juma lililopita, mjini Lilongwe, kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane. Amemwacha mjane, Louise, na binti mmoja, Merveille.

Tulipokwenda msibani kuomba habari za maisha yake, mjane alituuliza tutasema nini. Tukamjibu kwamba tutasema mema. Akatikisa kichwa. Maneno yake nayatoa kama alivyoyasema:

"Mama, usimupake sukari. Alikuwaka na wivu. Miaka makumi tatu nimelala naye kitanda moja, ile wivu naijua kama mashini yangu ya kushona. Ukiikata, hautakuwa umemusema yeye."

Basi, wasikilizaji wapendwa, hatutaikata.

Moïse alizaliwa Bukavu, katika mtaa wa Kadutu, mtoto wa fundi wa saa. Alisoma kwa taa ya karakana ya baba yake. Akafika chuo kikuu, akawa msaidizi wa mhadhiri, akifundisha habari za ubongo. Wanafunzi walimwita Asistan, na jina hilo alilipenda kuliko jina lake la ubatizo. Tasnifu yake ilikuwa imefika sura ya tatu vita vilipowatoa nyumbani. Alitoka na mkewe, mtoto, na saa ya baba yake. Sura tatu zilibaki kwenye droo.

Walifika hapa Malawi, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mwezi wa pili baada ya kufika, msichana mmoja alianguka bombani, mikono ikimtetemeka, povu likimtoka. Kilikuwa kifafa. Watu walirudi nyuma na ndoo zao, wakisema povu lile linaambukiza. Moïse hakurudi nyuma. Alimlaza msichana kwa ubavu, akaweka koti lake chini ya kichwa, akahesabu sekunde kwa saa ya baba yake. Msichana alipotulia, Moïse alimgeukia mama yake.

"Mara ya mwisho alianguka lini, mama?"

"Ni siku ine kisha ule mgao ya maharage mwekundu."

Moïse aliandika hivyo hivyo. Hakuandika tarehe. Aliandika: siku ya nne baada ya mgao wa maharage mekundu.

Hilo ndilo kosa, wasikilizaji wapendwa, na ni kosa letu sote. Nani kati yetu, miaka ile, aliishi kwa kalenda? Tuliishi kwa mgao wa chakula. Harusi ilikuwa kabla ya mgao, msiba ulikuwa baada ya mgao. Moïse alikuwa msomi, lakini alijua mgao gani ulikuwa siku gani, na aliamini kwamba hatausahau kamwe. Kwa miaka kumi na moja alipita nyumba kwa nyumba akiandika habari za wagonjwa wa kifafa: nani ameanguka, mara ngapi, alikuwa amekunywa dawa au dawa ilikuwa imekwisha. Mwaka mmoja, daftari moja. Louise aliyashonea majalada kwa vipande vya vitenge vilivyobaki mezani kwake. Kisha zahanati ikaanza kutumia fomu zake, naye akaacha. Madaftari kumi na moja yakaingia sandukuni.

Yalikuwa tasnifu yake. Hivyo ndivyo alivyoyaita.

Wakati huo alikuwa tayari mtangazaji wetu. Alipanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kuu, akaenda Lilongwe na kinasa sauti, akazungumza na wataalamu wa ubongo. Mlimsikia na mtafiti wa malaria inayopanda kichwani kwa watoto. Mlimsikia na mtafiti wa kiharusi, na yule mama wa makamo aliyechunguza usingizi wa wazee. Aliwauliza juu ya utafiti wao, juu ya mitihani waliyoisahihisha, juu ya maprofesa waliowatesa. Na kila mara, mwishoni, aliuliza swali lake lile lile: "Dokta, ofisi yako ina madirisha mangapi?"

Tulicheka. Tulidhani ni mzaha. Louise hakucheka.

"Ile haikukuwa swali," alituambia. "Ilikuwa njala. Mutu akisema iko na madirisha tatu, Papa Merveille anarudi hapa, sahani ya nsima anaisukuma pembeni. Siku moja Dokta mumoja alimujibu asema iko natumika mu stoo, pamoja na frigo. Jioni ile alikula mara mbili! Aliimba!"

Miaka minne iliyopita alikwenda kumhoji mtafiti mpya wa kifafa. Aliona jina kwenye karatasi akafikiri limefanana tu. Mlango ulipofunguliwa, aliyesimama pale alikuwa Benedicte Gakiza, mwanafunzi wake wa mwaka wa kwanza kule Bukavu. Benedicte aliyekuwa akikaa benchi la mbele na kalamu isiyo na kifuniko. Sasa alikuwa Dokta, na mlangoni pake palikuwa na kibao.

"Asistan!" alipiga kelele. "Ni weye? Njo weye mwenyewe?"

"Tuko ku mikro, Dokta," Moïse akajibu. "Hapa mi njo naulizaka."

Benedicte hakungoja kuulizwa. Alieleza jinsi alivyojifunza kwa nini ubongo una mikunjo. Asistan wake alichukua leso kubwa, akaambia darasa liiingize yote ndani ya kikombe cha chai bila kuikata. Haikuingia mpaka ilipokunjwa na kukunjwa. "Mpaka leo nafundishaka na leso na kikombe," alisema. "Banafunzi bangu hapa Lilongwe bote banaijua ile leso. Nabaambiaka ni ya Asistan wangu."

Hayo hamkuyasikia, wasikilizaji wapendwa. Moïse aliyakata. Dakika nne na sekunde kumi. Mtu alisifiwa mbele ya kinasa sauti, akazifuta sifa zake mwenyewe kwa mkono wake, kwa sababu zilitoka katika kinywa cha aliyekalia kiti chake. Hivyo ndivyo alivyoona: kwamba kiti kile kilikuwa chake, kibao kile kilikuwa chake, hata leso ilikuwa imechukuliwa.

Swali la madirisha hakuliacha.

"Mbili," Benedicte alijibu. "Moja inaangaliaka ukuta. Ukitaka, Asistan, nitakupa ile ya ukuta."

Kile kikohozi mlichokisikia redioni hakikuwa cha homa.

Kinasa sauti kilipozimwa, Benedicte aliuliza juu ya madaftari. Alikuwa amesikia habari zake kanisani. Alieleza kwamba timu yake ilitaka kujua ni siku zipi wagonjwa huanguka zaidi: je, ni siku ambazo dawa inakaribia kwisha na mama anakata kidonge nusu ili kifike mbali? Hakuna mtu aliyekuwa na rekodi ya miaka kumi na moja. Hakuna, isipokuwa Moïse.

"Ile kaye, ile daftari zote, ni yangu," alisema Moïse.

"Najua, Asistan."

"Nitaiandika miye."

"Lini?"

Moïse alichukua kinasa sauti chake akaondoka bila kuaga.

Kwa miaka miwili alikataa. Miaka miwili. Kila asubuhi alikaa na karatasi nyeupe, akaandika juu yake Sura ya Kwanza, akakwama. Badala ya kuandika alisoma makala za Benedicte, na pembeni mwa kila ukurasa aliandika kwa kalamu nyekundu: hili nililisema mimi, Bukavu, chumba namba sita. Alijua kwamba anafanya vibaya. Wagonjwa aliowaandika walikuwa majirani zake. Aliwaona wakikata vidonge. Lakini kila aliposhika kifuniko cha sanduku, aliona kibao cha mlangoni chenye jina la mwingine.

Alhamisi moja Benedicte alikuja Dzaleka mwenyewe. Moïse hakuwepo. Louise aliacha cherehani, akafungua sanduku, akampa daftari la kwanza. Hakuomba ruhusa. Moïse aliporudi alimkuta mgeni amelifungua magotini, uso umemkunjamana.

"Nani amefungua sanduku yangu?"

"Ni miye," Louise akasema. "Unipige?"

"Asistan," Benedicte akasema kwa upole, "mugao ya maharage mwekundu ni tarehe gani?"

"Kumi na ine, mwezi wa tatu."

"Na mugao yenye ilikosa chumvi?"

"Ile ya kwanza ao ya pili?"

Benedicte alilifunga daftari. "Sitaweza. Timu yangu yote haitaweza. Hii kitabu haisomeke bila kichwa yako."

Louise anasema mumewe aliingia ndani. Kisha akavuta kiti. "Njo vile," alisema. "Bila miye, ile ni karatasi ya kufungia mandazi."

"Njo maana nimekuja kukaa, Asistan. Sikuje kukamata."

Tangu siku ile, kila Alhamisi, kwa karibu miaka miwili, Dokta alikuja kukaa kwenye kigoda katika kibanda cha ushonaji, naye Asistan akakaa kitini. Benedicte alisoma mgao daftarini, Moïse alitaja tarehe, naye Benedicte akaiandika. Benedicte alipokosea hesabu, Moïse alimkemea kama yuko darasani. "Mwaka wa kwanza!" alimwambia. "Ungali mwaka wa kwanza!" Naye Dokta mzima alisugua kwa kifutio.

Msidhani wivu ulikwisha. Walipofika daftari la tisa, Benedicte alileta makala iliyoandikwa kutokana na madaftari ya mwanzo. Jina la Moïse Cirhuza lilikuwa la kwanza. La Benedicte Gakiza lilikuwa la mwisho. Moïse akalitazama kwa furaha, kisha akamuuliza Benedicte kwa nini amejiweka mwisho. Benedicte akamweleza kwamba katika kazi ile aliyefanya kazi kubwa hutangulia, na kiongozi wa timu hufunga orodha.

Moïse akavua miwani. "Sasa mkubwa njo anakaaka ku mwisho?"

"Ndiyo, Asistan."

"Basi mbona ulinitia ku mbele?"

Walicheka hadi Louise akaharibu pindo la gauni la watu. Lakini usiku ule, anasema Louise, hakucheka tena. Aliuliza gizani kama jina la mwisho lingeweza kubadilishwa.

Juma lililofuata moyo wake ulishindwa. Daftari la tisa lilikuwa limekwisha. La kumi na la kumi na moja hayakuguswa.

Siku ya mazishi Benedicte alisimama kando ya kaburi, ameshika daftari la kumi na la kumi na moja. Aliyesema ni Louise. Alisema mara moja, bila kulia: "Ile miaka mbili ya wivu, njo hizi kaye mbili."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii tunatoa mkono wa pole kwa Mama Louise, kwa Merveille, kwa ndugu walioko Bukavu, na kwa Dokta Benedicte, aliyefiwa na mwalimu. Mungu ampokee Moïse, na amwonyeshe mahali pake bila kumwonyesha kwanza mahali pa mwenzake.

Nanyi mnaobaki, jichunguzeni. Kila mmoja wetu ana sanduku alilolikalia ili fulani asilifungue. Tunasema tunalinda kilicho chetu. Moïse naye alisema hivyo, na siku zilikuwa zikihesabiwa.

Lakini kazi yake haijafungwa, maana kile alichokuwa nacho kichwani, kipande chake kimo vichwani mwenu. Kila Alhamisi Benedicte ataendelea kukaa kwenye kigoda kile kile. Mlio na kumbukumbu, nendeni. Daftari la kumi lina jalada la kitenge cha manjano. Ukurasa wake wa kwanza unasema hivi, nami nausoma polepole:

"Msichana, miaka saba. Ameanguka mara mbili. Mama amekata kidonge nusu. Siku ya tatu baada ya mgao ulionyeshewa mvua ya mawe, watu wakajifunika kichwani kwa magunia matupu."

Wewe uliyejifunika gunia siku ile, ilikuwa tarehe ngapi?