Mwalimu Kobina Essilfie na Alama Moja ya Kakra

Marehemu Mwalimu Kobina Essilfie alizaliwa Saltpond tarehe 12 Machi 1946. Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu, na tangu 1969 alifundisha hisabati katika shule ya kutwa hapa Cape Coast. Hakujua kukaa. Hata kenkey yake, lile donge la unga wa mahindi, aliila akitembea.

Mwaka 1975 alimwoa Efua Badua wa Elmina. Wakajaliwa pacha wa kike, Panyin, yaani mkubwa, na Kakra, yaani mdogo. Kakra ndiye mimi ninayewasomea haya.

Mwaka 1993 Panyin alichaguliwa kuingia ile shule kubwa ya serikali mlimani. Kakra alikosa kwa alama moja. Mkuu wa shule ile alikuwa rafiki wa Mwalimu.

“Mlete mtoto bwana, Kobina. Alama moja kitu gani?”

“Nikimwingiza wangu, nani anatolewa?”

Mama alinuna mwezi mzima. Kakra akasoma kwa baba yake, shule ya kutwa.

Mtihani wa mwisho pacha walipata matokeo sawasawa. Mwalimu alizunguka soko zima: “Si chungu jamani, ni kiazi! Si shule, ni mtoto!” Baadaye wauza samaki wakamjibu, “Haya Mwalimu, mbona wa mlimani yuko benki na wa shuleni kwako yuko nyumbani?” Ni kweli. Panyin aliitwa kazini na baba wa mwanafunzi mwenzake. Kakra alihangaika miaka kabla ya kupata darasa la kufundisha. Leo mmewaona wenzake Panyin wa shule ya mlimani, vitambaa vya sare moja, wamejaza turubai zima. Wa Kakra wamekuja wawili, na nawashukuru.

Swali hilo lilimnyima Mwalimu usingizi. Kila mwaka aliwafuatilia waliopita kwa alama moja na waliokosa kwa alama moja, akiwauliza habari za mtihani, kazi, hata marafiki. Alistaafu, hakuacha.

Mwaka 2021 alipata kiharusi. Kila aliyekuja kumwona, Mwalimu alimuuliza kama alimkosea Kakra, na kila mtu alimwambia hapana. Aligeukia ukutani kwa hasira. Mwishowe akaniuliza mimi.

“Ndiyo, Baba. Ulinikosea. Na yule mtoto ambaye angetolewa hukumkosea.”

Alinishika mkono. “Ahsante, mwanangu. Wote walikuwa wananibembeleza tu.”

Siku ile alilala mchana kutwa, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alifariki tarehe 9 Februari 2024.

Ameacha mjane, Efua, pacha wake wawili na wajukuu watano. Mungu amlaze pema, na safari hii atulie.