Mwalimu Papo, Aliyefundisha Kuigiza Bila Kuandikiwa

Ndugu waombolezaji, majirani, wanafunzi na wasanii wenzake, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyemfuata ziwa, na familia imenichagua mimi kuisoma historia yake kwa sababu, kama alivyosema shemeji yangu jana, wengine wote wangeanza kulia au kuigiza, basi nitasoma kama ilivyoandikwa, jambo ambalo dada yangu hakuwahi kulifanya hata siku moja.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Papo, alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 9 Juni 1957, katika zahanati iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, baba yetu akiwa mfanyakazi wa reli aliyepisha treni kwa bendera, na mama yetu mshonaji wa sare za shule. Tangu mdogo hakupenda mtu amkatizie mchezo, nami nakumbuka siku tulipokuwa tunacheza duka barazani, akaja na kopo lake kununua sukari, nikamwambia imekwisha, akalishusha kopo na kuniambia, "Ukisema imekwisha, mchezo nao umekwisha, sema sukari ipo ila imekaliwa na paka," nikasema hivyo, na paka yule tukahangaika naye mpaka mama alipotuita kuoga.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha sekondari ya wasichana hadi 1974, akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1975, na kuhitimu Novemba 1976 kuwa mwalimu wa jiografia. Alianza kazi Januari 1977 katika sekondari ya kutwa iliyopakana na karakana ya mabasi, ambako vyuma viligongwa tangu asubuhi, na kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyemsikia vizuri, aliacha kupiga kelele akaanza kuwapa wanafunzi nafasi za kucheza, huyu bandari, yule meli, wale wawili maofisa wasioelewana, na mkuu wa shule alipopita dirishani na kuuliza ni somo gani hilo, darasa zima lilimjibu kwamba hana hati ya kuingia nchini.

Mwaka 1983 alihudhuria mafunzo ya sanaa za jukwaani wakati wa likizo, na huko akakutana kwa mara ya kwanza na maigizo ya papo kwa papo, yaani yale ambayo mwigizaji anapanda jukwaani hana maneno ya kukariri, anaomba watazamaji wampe neno au mahali, na hapo hapo mchezo unazaliwa. Alirudi nyumbani akamwambia mama, "Kumbe nilichokuwa nafanya kina jina," na Februari 1984, pamoja na walimu wenzake wanne, akaanzisha kikundi chake katika lililokuwa ghala la matairi, chumba kirefu chenye harufu ya mpira isiyoisha, pangaboi nyingi na moja tu iliyozunguka, na kila Alhamisi jioni, baada ya kusahihisha madaftari, alifundisha humo.

Humo ndimo alimopatia mume. Jioni moja ya mwaka 1986 alisimama mbele ya watazamaji akasema, "Nipeni mahali," na kijana mmoja fundi saa, ambaye alikuwa ameletwa na binamu yake na hakuelewa kinachoendelea, akasimama kwa adabu na kutoa anwani ya kwao, nyumba ya tatu kutoka posta, juu ya duka la vioo. Ukumbi ulivunjika mbavu, lakini marehemu hakucheka, aliicheza nyumba ile vyumba vyote pamoja na ngazi, na kesho yake akaenda kuhakikisha kama amepatia, akakuta ngazi ziko upande mwingine. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987, na shemeji yetu, mtu wa maneno machache, aliweka sharti moja tu, kwamba asije akapandishwa jukwaani, na marehemu akakubali.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye leo ni mhasibu, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1992, ambaye ni fundi umeme. Watoto hawa watawaambia kwamba kumdanganya mama yao ilikuwa kazi bure, maana hakuukataa uongo, aliupokea akautembeza, na mwanawe aliposema mbwa amekimbia na mfuko wake wa shule, mama mtu alivaa viatu, akamshika mkono, wakaenda mlango hadi mlango kumuulizia mbwa huyo, rangi yake na tabia zake, mpaka kijana mwenyewe alipoomba warudi nyumbani akaseme ukweli.

Mwaka 1991 kikundi kilipata mtihani. Ofisa wa vibali vya maonyesho aliagiza kwamba hakuna onyesho litakalofanyika kabla hajasoma maandishi yake, na wanakikundi wengi walisema basi, yamekwisha, lakini marehemu alijifunga kibwebwe, akamweka mchapaji pembeni mwa jukwaa aandike kila neno lililosemwa kwenye mazoezi, na asubuhi akayapeleka ofisini. Ofisa akasoma, akasema, "Mama, hii ni ya jana." Naye akamjibu, "Ndiyo, ya kesho hata mimi siijui, njoo tuijue pamoja." Ofisa alikataa, naye akarudi na maandishi mengine, na wiki iliyofuata mengine, hana hasira wala haraka, mpaka ofisa mwenyewe akachoka kusoma, akaamua kukaa mstari wa mbele kila onyesho ili asimamishe lolote lililozidi. Hakusimamisha hata moja. Mzee huyo amestaafu na yuko nasi hapa leo, na ameniruhusu niseme kwamba mwaka wa pili alianza kutoa maneno yeye mwenyewe, na kwamba neno lake la kwanza lilikuwa "kibali".

Marehemu alistaafu ualimu wa serikali mwaka 2012, akabaki na ghala lake, na Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2014, akiwa katikati ya kufundisha, mkono wake wa kulia ulilegea, mdomo ukapinda, na maneno yakamtoka yasiyoeleweka. Linaloumiza ni kwamba wanafunzi wake walimfuata, wakalegeza mikono na wao wakasema maneno yasiyoeleweka, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha, kupokea chochote mwenzako anachokuletea, mpaka mmoja wao, kinyozi aliyezoea kutazama nyuso za watu kwa karibu, akasema kwa sauti ya chini, "Huu si mchezo," akambeba hadi kwenye gari.

Kilikuwa kiharusi. Alilazwa, akapona uhai, akajifunza kutembea kwa fimbo, lakini lugha iliondoka, na katika maneno yote aliyokuwa nayo, mwanamke huyu ambaye hakuwahi kukosa la kusema alibakiwa na neno moja tu, "kwa hiyo", ambalo lilimtoka akitaka chai, akitaka dirisha lifungwe, akiuliza mjukuu yuko wapi, na hata akitukana. Miezi ya kwanza alikataa wageni. Nilimkuta siku moja amegeukia ukuta, nikamwambia, "Dada, usijitese, umefanya kazi yako, sasa pumzika," akanigeukia, akanitazama kama mtu niliyemwambia sukari imekwisha, akasema, "Kwa hiyo?" na Alhamisi iliyofuata akamwamuru mumewe, kwa fimbo na kidole, ampeleke ghalani.

Wanafunzi walimpokea kwa machozi, kisha wakaanza kumhurumia, na huruma ile ilimkera kuliko ugonjwa. Walimpa nafasi za mgonjwa, za malkia aliyekaa tu, za sanamu, na alipoanza kusema wakamalizia wao, mpaka alipopiga fimbo sakafuni, akamkalisha chini yule aliyependa kumsemea, akamziba mdomo kwa kiganja, akamwinulia kidole kimoja, wakaelewa kwamba jioni hiyo kila mtu atakuwa na neno moja tu. Mwanzoni walihangaika kama samaki waliotolewa majini. Kisha wakaanza kutazamana, na kinyozi aliniambia baadaye kwamba katika miaka yote aliyosoma pale, siku hiyo ndiyo aliyojifunza kusikiliza.

Novemba 2016 alirudi jukwaani mbele ya watu. Ukumbi ulijaa, na daktari wake alikuwa ameshauri asijaribu, na kwa kweli sisi wa familia tulikuwa tumekaa roho mkononi. Alisimama, akawatazama wanafunzi wake waliojipanga kumsaidia, akawapita wote, akashuka ngazi pole pole na fimbo yake hadi kwa mumewe, akamshika mkono. Shemeji yetu akasema, "Mama watoto, tulikubaliana, mimi sijui kuigiza." Akamjibu, "Kwa hiyo?" Watu wakacheka, naye shemeji akapanda, jasho linamtoka, akakaa kwenye kiti alichoonyeshwa.

Marehemu alitoa saa mkononi mwake, saa isiyokuwepo, akamwekea kiganjani. Shemeji akaitazama kwa muda mrefu, halafu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee aliyoijua, akaifungua, akaisogeza kwenye taa, akachungulia ndani.

"Hii imeingia maji," akasema.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo itachukua muda."

"Kwa hiyo?"

Shemeji hakuwa akiigiza tena, au labda ndipo alipoanza, sijui. Akasema, "Kwa hiyo utasubiri, na mimi nitasubiri, sina saa nyingine."

Watu walitafuta leso kwanza, ndipo wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo walicheza pamoja. Maneno yalianza kumrudia moja moja, mengine yakiwa yamepindapinda, na mwaka 2018 mtaalamu wa matamshi wa hospitali ile ile aliyolazwa alimwomba awafundishe wagonjwa waliopoteza lugha kama yeye, kazi aliyoifanya kila Jumatatu kwa miaka mitano, katika chumba cha mazoezi ya viungo, kati ya mipira mikubwa na vyuma vya kushikilia, na waliopita mikononi mwake wako hapa leo, wengine watashindwa kuwaambia jinsi wanavyojisikia, naomba msiwamalizie, wasubirini.

Mwezi Januari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na katika kulazwa kwa mwisho alimfanya mama wa kitanda cha jirani, muuza nguo aliyekuwa amekata tamaa ya kusema baada ya upasuaji wa koo, kumuuzia gauni lisilokuwepo, wakapatana bei kwa mikono na vikohozi hadi nesi akaja kuwaomba wapunguze kicheko. Alifariki dunia tarehe 2 Mei, saa moja asubuhi, mumewe akiwa kando yake. Ameacha mume, watoto wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na yule daktari aliyemkataza kupanda jukwaani, ambaye alikuja kutazama na hakukosa tena onyesho hata moja. Tunamshukuru mtaalamu wa matamshi, majirani waliopokezana kumtembeza asubuhi bila kuombwa, walimu wenzake wa zamani, wasanii, na kinyozi, ambaye kwetu si mwanafunzi wake tena, ni ndugu.

Mwisho, shemeji yangu ameniagiza niwatangazie wanafunzi kwamba darasa la Alhamisi hii halitaahirishwa. Nilimuuliza nani atalifundisha, akaniambia atalifungua yeye mwenyewe. Nikamuuliza atasema nini, akasema hajui, akifika atajua.

Dada yangu, Mwalimu wetu, amani uliyoipigania kwa neno moja sasa ni yako yote, pumzika ndani yake.