Aliyewachagulia Wageni Kanda: Maisha ya Onesphore Nduwayo, 1969–1998

Marehemu Onesphore Nduwayo, mtoto wa tatu wa Mzee Anicet na marehemu Mama Lidia, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Bururi, Burundi. Alivuka mpaka akiwa na miaka mitatu, mgongoni kwa mama yake, na mwaka 1973 familia ilipewa shamba katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, wilaya ya Mpanda. Safari yenyewe hakuikumbuka. Alisema kilichombakia ni sauti tu, ya mtu anayehema kwa muda mrefu karibu na sikio lake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Katumba, 1977 hadi 1983. Alipenda kuimba, ila sauti yake ilikuwa nzito na ilienda kombo, na siku ya wageni mwalimu alimwomba awe anafungua mdomo tu. Alifungua mdomo nyimbo zote nne, bila kinyongo.

Mwaka 1985 alipata kibali cha kutoka makazini, akaenda kujifunza kutengeneza redio kwa fundi Osward, Mpanda mjini. Alifungua kibanda chake karibu na stesheni mwaka 1991. Mwaka uliofuata mfanyakazi wa treni aitwaye Makoye alimletea redio iliyonasa kanda ndani. Ilikuwa albamu ya rap, muziki wa kufokafoka, kutoka Marekani. Kila alipodhani redio imepona, aliijaribu kwa kanda ileile, mpaka akajikuta anaijaribu redio isiyo na ugonjwa. Makoye alipohamishiwa Tabora alimwambia, "Baki nayo, fundi. Mimi inaniumiza kichwa."

Kiingereza hakukijua. Alimpelekea mwalimu Enoka kanda hiyo amfasirie. Mwalimu alisikiliza wimbo mmoja, akavua miwani. "Fundi, hata mimi naambulia nusu. Huyu jamaa anamlilia mama yake, au anadaiwa." Marehemu alijibu kwamba nusu hiyo inatosha.

Kuanzia hapo aliagiza kanda nyingine kwa wasafiri wa treni, moja moja, hadi zikafika kumi na nne, zikiwemo mbili za vijana wa Dar es Salaam waliofoka kwa Kiswahili. Hakuziuza, aliziazimisha. Aliyekuja kuchukua redio yake aliulizwa kwanza, "Wewe unapenda hadithi au unapenda ngoma?" Wa hadithi alipewa ile ya Makoye, yenye mtu anayeongea taratibu kama aliyekaa na wewe jikoni. Wa ngoma alipewa ya vijana watatu wanaonyang'anyana maneno. Zile za hasira hakumpa mgeni kabla ya mwezi wake wa pili wa kuazima. "Mgeni ukimkaribisha kwa kelele, atadhani nyumba nzima inagombana," alisema. Aliomba jambo moja tu: mtu asikilize pande zote mbili, kisha arudi amwambie wimbo gani umemkaa moyoni.

Watu walichukua kwa heshima yake, wakarudisha kwa heshima yake. Waliposema "nzuri sana, fundi", aliuliza, "Ipi?" Hapo mtu alikumbuka ana ng'ombe porini. Aliwasindikiza hadi barabarani wakicheka, kisha akarudi kukaa peke yake.

Mwaka 1995 Yotham, kiongozi wa kwaya yetu, alirudisha kanda ya Makoye akiwa na furaha. "Ilikuwa haikubali kurekodi, nikaziba vile vitundu vya juu kwa karatasi. Ikakubali! Kwaya nzima imo, pande zote." Marehemu alimuuliza kama aliisikiliza kwanza. "Ningeisikiliza saa ngapi, na waimbaji wamesimama?" Marehemu alicheka, akamsifia sauti ya tatu. Siku hiyo alifunga kibanda saa nane mchana. Yotham yupo hapa nasi, na ameruhusu hili lisomwe.

Alifunga ndoa na Generosa, binti kutoka Magamba, tarehe 8 Oktoba 1994. Walijaliwa Thacienne na Deusdedit. Jioni Generosa alikaa naye kwenye mkeka, albamu nzima, akichambua maharage. Marehemu alidhani amempata mwenzake. Siku moja alimuuliza wimbo upi umemkaa, naye hakutaka kumdanganya. "Baba Thacienne, mimi namsikiliza mtu anayesikiliza. Hao wengine siwasikii." Marehemu alimshukuru kwa ukweli. Aliendelea kumwekea nafasi kwenye mkeka, ila swali lile hakumuuliza tena.

Januari 1998 miguu yake ilianza kuvimba, na madaktari walisema ni moyo. Alilazwa mara tatu. Mwezi Julai, marehemu akiwa nyumbani na pumzi fupi, Generosa mwenyewe alimwomba, "Nichagulie. Nianze na ipi?" Mtu ambaye kwa miaka sita alimpangia kila mgeni njia safari hii alitikisa kichwa. Kisha akasema, "Nikikuchagulia utanisikiliza mimi tena. Chagua wewe, Mama Thacienne. Uniambie." Kabla hajachagua, hali ilibadilika. Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Agosti 1998, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, Generosa, watoto wawili, baba yake, Mzee Anicet, kaka, Dieudonne, dada, Rosine, na majirani ambao redio zao bado zinaongea. Generosa ameomba kanda zisigawiwe kwenye matanga. Anataka kuzisikiliza zote, na bado hajajua aanze na ipi.

Bwana ampe Onesphore pumziko lenye amani. Na sisi tuliomrudishia kanda bila kuzimaliza, atusamehe.