Jonah Kisilu na Ile R ya Ukuta ya Kikima

...sasa wakati watoto walifika na sahani, Jonah alikuwa juu ya ngazi na mimi nimeshika chini. Nikaona mtoto wa kwanza, wa pili, halafu mama na mapacha, kila mtu na bakuli yake. Nikamwambia, Jonah, hawa watu wanatoka kanisani ama? Akaangalia, akaanza kushuka.

Ndila anasema hapana, mama, huwezi kuanza hapo, hii ni ya kuweka kwa programu ya kumuaga. Ati watu wanaanza na miaka. Haya, andika miaka. Bwana Jonah Kisilu amefanya kazi hapa kampuni ya Ukuta Wetu miaka ishirini na tisa, kutoka mwaka wa 1965, na anastaafu Ijumaa, tarehe thelathini Septemba, 1994. Umeandika? Na anayesema ni Mbinya, mama Muli, mimi wa chai na wa chokaa na wa kushika ngazi, niliingia 1968. Mimi sijasoma. Ndila wa ofisi ndiye anaandika. Akiweka kitu yake, mtajua, kwa sababu hiyo itakuwa kitu ya akili.

Kwa wale wamekuja juzi, kazi yetu ilikuwa hivi. Mtu ako na duka sokoni, ako na ukuta, ukuta imekaa bure. Yeye hajui watu wa sabuni, hajui watu wa majani chai, na hana nafasi ya kuwatafuta Nairobi. Basi anatuachia ukuta. Jonah anaiandika kwa kitabu, anatafuta kampuni ya kuweka tangazo, anapaka, anaangalia isichubuke, na muda ikiisha anafuta na kuweka ingine. Mwenye duka kazi yake ni kukaa tu na kuona ukuta yake inamlipa. Jonah ndiye alikuwa na kuta zote kwa kichwa, kutoka Mwingi mpaka Kibwezi. Ungemuuliza usiku akilala, ukuta gani iko wazi, angekwambia.

Na hakuwa mtu wa kuweka tu. Kibwezi, kule barabara ya Mombasa, alikuwa anasema maneno matatu, isipite, kwa sababu dereva wa lori hana macho ya maneno manne. Kule Tulia, mbuzi walikuwa wanalamba chokaa yetu, ati wanasikia chumvi. Tulipaka tangazo ya dawa ya meno, baada ya wiki mbili meno yote ya chini yamelambwa, mtu amebaki kibogoyo anacheka. Watu wa Tulia walimpatia mpaka jina. Tangu hiyo siku Jonah akipima ukuta ya Tulia anaanza mahali mbuzi hafiki. Na mama Sauda wa Kitui mjini, mjane, ukuta yake ni ile nzuri ya karibu na stendi. Watu wa pombe waliitaka sana. Jonah aliwaambia huyo ni Mwislamu, hata msimuulize, mtamtia aibu. Walikasirika, wakaondoka. Mama Sauda mwenyewe hajui mpaka leo. Sasa atajua, kama atasomewa.

Nilikuwa wapi? Kikima. Ndila, usiniangalie saa. Hii ndiyo ile nilikuja kusema.

Ukuta ya mzee Nzomo pale Kikima ilikuwa ya mafuta ya kupika, miaka mingi. Mwisho wa 1984, ikawa wazi. Ni ule mwaka wa njaa, mwaka watu walikuwa na pesa mkononi na hakuna kitu ya kununua. Siku moja saa ya chakula watu wote wametoka ofisini, mimi nafagia, simu ikalia. Mimi sikuwa naruhusiwa kushika simu. Nikashika. Mtu wa Nairobi, wale wanatuletea matangazo ya kampuni nyingi, hakuuliza mimi ni nani. Akasema mwambie Kisilu ukuta ya Kikima imepata mtu, aandike na rangi nyekundu, kalamu ya kila mtoto, shule zikifunguliwa, hapa. Ati picha itafuata na basi. Akaweka simu.

Sasa sikia. Sisi Wakamba r haiko kwa mdomo yetu. Tunasema lafiki, tunasema balua. Na Jumapili ya kabla ya hiyo simu, mimi nikiomba kanisani nilikuwa nimesema Loho Mtakatifu, na wasichana wa kwaya wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Niliumia. Nikaapa mimi na l tumeachana. Wiki hiyo yote nilikuwa naweka r kila mahali, hata mahali haitakiwi. Nilisema sukari, vizuri. Nilisema pia rori.

Jonah akarudi, nikampatia maneno. Karamu ya kila mtoto. Akaniuliza, mwaitu, ni karamu ama ni kalamu? Aliuliza vizuri, na heshima, ananiita mama yake. Na mimi nikasikia wale wasichana wa kwaya. Nikamjibu, kwani wewe pia unanicheka? Ni karamu, na r, mimi sio wa kusema loho. Akasema sawa, mwaitu. Na si unajua ile ukuta ilikuwa ya mafuta ya kupika, basi kwake karamu haikuwa ajabu. Akaenda akaandika, herufi kubwa kama mlango.

Januari, siku ya kufungua shule, picha imefika imekunjwa, tukaenda Kikima kuibandika na kuipaka. Jonah akapanda ngazi, akafungua karatasi. Ni picha ya kalamu. Biro, ile ya kuandika, ya bluu. Aliiangalia, akaniangalia mimi chini. Na ni hapo nikaona wale watoto na sahani.

Walikuwa wamesoma. Mzazi anasomea jirani, jirani anapeleka huko juu Mbooni. Karamu ya kila mtoto, shule zikifunguliwa, hapa. Wengine walikuwa wametembea tangu giza. Walijipanga kwa mstari bila mtu kuwaambia, kimya, na mtoto akiwa na njaa sana hapigi kelele, huyo unamjua tu na macho.

Jonah akashuka, akaingiza ile picha ndani ya koti. Akamwambia mzee Nzomo, mzee, ni makosa ya herufi, lakini tumbo haijui kusoma. Mzee Nzomo ni mzee wa kanisa, alisimama hapo anaangalia ukuta yake. Akasema, mimi sitadanganya watoto na ukuta yangu. Muthoki, leta sufuria za kanisa. Bibi yake akaleta, akasema, maharagwe iko kidogo, mtachanganya na nini, na hiyo rangi?

Kwa gari ya kazi Jonah alikuwa na gunia ya mahindi ya njano, ile ilikuwa inatoka ng'ambo. Alikuwa amepanga laini siku mbili aipate, ya kupelekea bibi yake Nthenya na watoto wake. Aliishusha yeye mwenyewe. Tulipika isyo, mahindi na maharagwe pamoja, mpaka jua ikageuka. Nilimwambia, Jonah, panda ufute hiyo neno kabla wengine hawajafika. Akasema hawezi kufuta neno na watu wako bado ndani yake. Alingoja mtoto wa mwisho alambe sahani. Ndio akapanda, akafunika kichwa ya R na rangi nyeupe, akavuta mguu yake chini, ikakuwa L. Mimi sijasoma, lakini herufi mbili hapa duniani nazijua, hizo.

Nthenya alipikia watoto wake nini hiyo wiki, sijawahi kuuliza.

Sasa wale wakubwa wanajua. Jonah alikuwa ameitwa Nairobi, awe ndiye anashika kitabu ya kuta zote za kampuni. Barua ilikuwa imekuja. Nthenya alikuwa ameuza kuku, tayari kuhama. Wiki ya pili mkubwa akafika hapa na hasira, maanake watu wa kalamu walichekwa. Akauliza, nani aliandika? Jonah akasema ni mkono yangu. Akauliza, na simu alipokea nani? Jonah akasema, hapa simu napokea mimi.

Mimi nilikuwa hapo na birika. Niliangalia kikombe. Nikamimina chai ikajaa, nikaenda.

Barua ikarudi Nairobi. Mahali yake akaenda Bwana Ndolo. Bwana Ndolo, siku hiyo utakaa meza ya mbele na hii karatasi mkononi. Mimi sisemi hukufanya kazi vizuri. Nasema kwa faili ya Jonah kuna mahali wameandika yeye si makini, na hiyo ni uwongo, na mwenye uwongo ni mimi. Muiandike upya kabla hajatoka hiyo Ijumaa. Mtu asiende nyumbani na makosa ya mdomo wa mwingine. Miaka tisa nimesema nitasema kesho. Alikuwa ananisalimia kila asubuhi, mwaitu umeamkaje, na ile kitu hajaitaja hata siku moja. Afadhali angenitukana.

Ndila, usifute hiyo. Najua unataka kufuta.

Haya, ile ya mwisho. Jonah, asante. Kuta zetu zilisimama kwa sababu yako, na mimi nilisimama nyuma yako. Tunakuombea mvua zote mbili zikupate kila mwaka, na ile ya Novemba isikupite juu. Nthenya umsalimie, mwambie nakuja na gunia. Si deni. Ni vile tu nataka kuja. Halafu nilikuwa nataka kusema juu ya ile pikipiki ya...

Nani anaita? Ni yeye. Ako huko nje na brashi, anaandika ukuta ya lango, ya sherehe yake mwenyewe, kwa sababu nani mwingine anajua kuandika hapa. Unasikia anasema nini? Ati, mwaitu, toka unisaidie, hii karamu ya Ijumaa ni ya l ama ya r?

Miaka tisa.

Acha niende, Ndila. Ako juu ya ngazi na hakuna mtu ameshika.