Chupa ya Buluu kwenye Datsun ya Kilonzo

Mwaka ule wa 1983, kama ulitaka kujua jambo lolote la dunia hii bila kusumbuliwa na ushahidi, ulikwenda Majengo, nyuma ya Gikomba, ukaketi kwa Wehliye muuza kahawa. Benchi lake lilikuwa kiti cha nyuma cha basi lililokufa zamani, na alasiri hiyo ya Jumamosi lilikuwa limewabeba watu wawili wenye uhakika na mmoja aliyekuwa akiutafuta. Wenye uhakika walikuwa Simiyu, karani aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani, na Phares, dereva wa lori aliyeitwa Brigedia kwa sababu ya sauti. Wa tatu alikuwa Kilonzo, fundi, ambaye wenzake walimwita Plagi. Datsun yake ilisimama mbele yao boneti wazi, na ndani ya buti alikuwa amefunga chupa ya chuma ya rangi ya buluu. Kesho yake angeshindana kupanda ile barabara ya kutoka Mai Mahiu, na mwenye timu moja ya rali alikuwa amemwahidi mshindi kiti cha dereva. Mwaka uliopita Gachanja wa Dagoretti alimpita zikiwa zimebaki kona mbili, Datsun ikikohoa kama mvuta kiko. Na injini hiyohiyo ndiyo iliyomlisha, kwa kupeleka magazeti Machakos kila alfajiri. Kilonzo hakuwa na nyingine.

— Shida yako ni hewa, Plagi, alisema Profesa. Kila ukipanda futi elfu moja, injini inapoteza nguvu asilimia tatu. Kule juu ni futi elfu saba na ushei. Piga hesabu.

— Piga wewe, uko na miwani, alisema Brigedia.

— Zaidi ya moja ya tano ya nguvu zake imebaki pwani! Sasa hii naitrasi, ile gesi daktari wa meno anakunusisha ucheke huku anakung'oa, ikiingia kwenye moto inapasuka na kuachilia oksijeni. Injini inapumua kama iko Likoni.

Hayo Kilonzo aliyakubali. Tangu Pasaka, hilo ndilo neno pekee la Profesa lililokuwa limetoka kitabuni kweli. Lakini kuna kitu kilimkwaruza kichwani tangu jana, alipokaza skrubu ya mwisho ya mpira wa gesi, na kila alipojaribu kukishika, Brigedia alipaza sauti.

— Mimi sikusoma, mimi niliona! Nakuru. Jamaa alifungua gesi, akafika kabla ya vumbi lake.

— Vumbi huwa nyuma siku zote, buda, alisema Profesa.

— Hili lilifika kesho yake.

Wehliye alimimina kahawa bila kucheka. Alikuwa amesikia makubwa zaidi kwenye benchi hilo, mengine kutoka kwa wabunge.

— Sikia faida ya pili, alisema Profesa. Gesi hii ikitoka kwenye chupa ni baridi kama barafu. Injini haiwezi kuchemka. Toa radieta, punguza uzito.

— Toa na feni, alisema Brigedia.

— Nitoe na dereva? Kilonzo aliuliza.

— Dereva abaki, alisema Brigedia, ila afungue dirisha. Akinusa hiyo kitu atafika akicheka, majaji waseme amelewa.

— Na kuna nadharia, alisema Profesa, akilivaa neno hilo kama suti ya harusi, kwamba ukivuka futi elfu saba hewa ya nje haina nguvu ya kukuzuia. Gari linakuwa jepesi. Magurudumu yanagusa lami kwa heshima tu.

— Ndege! alisema Brigedia.

— Jirani wa ndege.

— Gachanja kwisha! Plagi, kesho jioni wewe ni mtu wa rali. Hata salamu utatutumia kwa gazeti.

Kilonzo alijikuta akitabasamu. Uhakika wa wenzake ulikuwa mtamu kuliko kahawa ya tangawizi ya Wehliye. Alikuwa tayari anaiona kona ya mwisho, na Gachanja kwenye kioo cha nyuma, akipungua.

Hapo ndipo alipofika Falis, mpwa wa kike wa Wehliye, aliyetoka Garissa wiki iliyotangulia na tayari alikuwa anatengeneza stovu za pampu Gikomba. Aliweka moja miguuni pa mjomba wake.

— Abti, stovu yako imepona. Kishimo kilikuwa kimeziba, nimekizibua kwa sindano. Akageukia Datsun. Na hiyo chupa ni ya nini?

Profesa alimweleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Falis alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainama juu ya injini.

— Na hii hapa, kaka?

— Kabureta, alisema Kilonzo kwa fahari. Gari hili nililitoa Mombasa, likafika huku likitoa moshi mweusi. Kwa hivyo nilibadilisha jeti, vile vishimo vya shaba vinavyopima petroli. Nikaweka vidogo. Kila fundi wa Nairobi anajua: hewa ikiwa chache, petroli nayo iwe chache.

— Ulipunguza petroli kwa sababu hewa ni chache.

— Ndiyo.

— Na sasa mmeleta hewa kwa chupa.

— Dada ameshika! Brigedia alipiga makofi. Wasichana wa siku hizi!

— Petroli ya kwenda na hiyo hewa inatoka wapi?

Profesa alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Brigedia alisema hayo ni mambo ya undani, kisha akanyoosha kikombe. Wehliye aliinamisha birika. Halikutoka hata tone.

Kilonzo hakuwa nao tena; kile kilichomkwaruza tangu jana alikuwa amekishika. Alikuwa anaiona pistoni aliyowahi kuitoa kwenye pikapu iliyonyimwa petroli: tundu katikati, la kuingia kidole gumba, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Aliona pia marundo ya magazeti barabarani, jua limeshapanda, na watu wa Machakos wakiuliza gazeti liko wapi. Alichukua spana akaenda kwenye buti.

— Plagi! alisema Brigedia. Unatoa nguvu zote! Na Gachanja?

— Gachanja atavuta hewa ileile ninayovuta mimi, alisema Kilonzo kutoka ndani ya buti. Labda kikohozi cha mwaka jana kilikuwa kishimo kilichoziba tu. Falis, sindano yako ya stovu inaingia kwenye kishimo cha jeti?

— Inaingia. Lakini usikwaruze. Lete, nitasafisha mwenyewe.

Kilonzo aliibeba chupa ya buluu kwa mikono miwili, akailaza kwenye benchi pale alipokuwa ameketi, katikati ya Profesa na Brigedia. Ilitoshea sawasawa. Kati ya hao watatu, ndiyo pekee iliyokuwa na kitu ndani, na ikanyamaza.