Niliyemwona Alikuwa Mtu wa Kwetu

Akina mama, mwenyekiti wa kikundi chetu amenisukuma mpaka nimesimama, kwa hivyo mkichoka kusikiliza mlaumuni yeye. Mimi mwenyewe nimechoka hata kabla sijaanza. Maneno haya nimewaeleza polisi, nikamweleza wakili wa serikali, nikamweleza jaji, na kila mara ni kama siku ile inaanza upya. Lakini Mungu amenivusha, na si vizuri ninyamaze kana kwamba nilijivusha. Majina sitataja.

Mnajua nasuka nywele Kenyatta Market. Mbele ya kibanda chetu kuna wachoma nyama. Mmepita pale: hujafika vizuri, huyu anakuvuta mkono huu, yule anakuvuta ule, "Madam, kuja kwangu, mbavu iko tayari!" Ndiyo kazi yao, na mara nyingi huishia kwa kicheko. Siku hiyo, mchana kweupe, vijana wawili waligombania kastoma mmoja. Kastoma mwenyewe aliona kelele zimezidi, akaenda zake. Wao wakabaki wakitukanana, na mmoja alikuwa na kisu cha kukatia nyama mkononi. Ndugu zangu, nawaambia, haikuchukua muda. Yule mwenzake alianguka mlangoni petu.

Niliona kila kitu. Na huyo niliyemwona na kisu ni kijana wa kwetu kijijini. Tena tulikuwa chama kimoja, kile cha watu wa nyumbani, ambapo mtu akifiwa hapa Nairobi tunausafirisha mwili pamoja mpaka kwetu, magharibi ya nchi. Mume wangu alipofariki, kijana huyo ndiye aliyekaa kando ya jeneza safari nzima, kisha akalibeba begani mpaka kaburini. Huyo ndiye.

Afisa wa polisi alipouliza nani ameona, watu wote waliangalia viatu vyao. Mimi mdomo ulifunguka. Sijui, labda ni kwa sababu marehemu alikuwa bado amelala pale, tumemfunika kwa leso yangu ya kiunoni.

Kwenye mkutano wa chama mzee mmoja akaniuliza, "Mama, wewe si ulikuwa unasuka?"

"Nilikuwa nasuka, mzee."

"Na kusuka si ni kuinama? Basi sema ulikuwa umeinamia kichwa cha kastoma, hukuona kitu. Nani atakupinga?"

Oneni vile ilikuwa rahisi. Lakini msusi yeyote atawaambia, mikono ikizoea kazi, macho hutembea. Hata nyinyi nawaona mkipita pale bila kunisalimia! Nikawaambia nimeona. Hakuna aliyeuliza habari za aliyekufa, kwa sababu hakuwa mtu wa kwetu. Wakaniambia, "Sawa. Siku yako ikifika, utatafuta watu wa kukupeleka nyumbani."

Hapo niliogopa. Kufa siogopi sana. Lakini kulala mochari nikingoja watu ambao hawaji, hilo lilininyima usingizi.

Tukaanza kwenda kortini. Unavaa nguo ya Jumapili, unafunga kibanda, unakaa kwenye benchi, halafu unaambiwa wakili ni mgonjwa. Ukirudi tena, jaji hayuko. Ukirudi tena, yule afisa aliyeandika maneno yangu amehamishiwa kaskazini na hajafika. Miaka, akina mama. Mtoto wangu aliingia sekondari zamu yangu ya kusimama haijafika. Nilianza kuomba hiyo kesi ife yenyewe. Nikawa najiambia, nikisema nilikuwa nimeinama, kuna shida gani?

Wiki niliyotakiwa kutoa ushahidi, mama yake yule kijana alitoka kijijini akaja kibandani. Alikaa kwenye kiti, akatoa kitambaa kichwani, akasema, "Nisuke." Nikaanza kumsuka. Nywele zote zilikuwa nyeupe. Tulipofika nusu ya kichwa akauliza, bila kugeuka:

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Akasema, "Mwanangu huniambia si yeye. Lakini akiniambia hivyo, hanitazami. Sema ulichoona. Ila ukimaliza, usije kwangu kunisalimia. Sitaweza."

Nilimalizia kichwa chake. Akajifunga kitambaa, akaenda.

Kortini, wakili wa yule kijana aliniuliza lile lile: "Shahidi, si ulikuwa unasuka? Si ulikuwa umeinama?" Nikajua mlango umefunguliwa, ni mimi tu kuingia. Kijana alikuwa ananitazama. Nikasema, "Nilikuwa nasuka, na nilimwona. Huyu ndiye aliyenibebea mume wangu. Sura yake siwezi kuisahau." Afisa alisimama baada yangu, akaeleza alipokikuta kisu na mwili ulivyokuwa umelala. Maneno yake na yangu yakakubaliana. Kijana akapatikana na hatia. Sikushangilia. Nilifika nyumbani nikalala na viatu miguuni.

Chama kilinifukuza. Na yule mama sijaenda kumsalimia, kwa sababu aliniomba.

Namshukuru yule afisa. Kila kesi ilipoahirishwa alinipigia simu, nisidhani nimesahauliwa. Namshukuru mwenzangu wa kibandani, aliyewasuka kastoma wangu nikiwa kortini, na niliporudi akanirudishia kastoma hao wote, na mnajua pale sokoni hilo si jambo dogo. Namshukuru mama yule, popote alipo. Sidhani ningeweza bila yeye.

Somo langu ni fupi. Usidanganywe kwamba ukisema kweli utapata raha. Mimi nilipata upweke kwanza, na amani imekuja kidogo kidogo, kama mgonjwa anavyoanza kula. Lakini aliyekufa naye alikuwa mtoto wa mtu. Ukiona, umeona.

Na nyinyi je? Juzi mwenyekiti wetu aliniuliza, "Kwenu ni wapi hasa? Mtu akishuka barabara kubwa anapinda wapi?" Nikadhani anataka kunitembelea Krismasi. Akasema, "Siku yako ikifika, si ni sisi tutakupeleka? Lazima tujue njia." Na nyinyi hata si watu wa kwetu. Nilimweleza mpaka langoni, nikalia mbele yake kama mtoto.

Asanteni. Sasa naomba nikae.