Beseni Lililopita Mfereji wa Harbrook

Alwyn, zima redio, mwanangu, nawe Rosamund keti hapa kitandani nikuone, maana haya nitayasema mara moja tu, na pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimwa.

Nyumba ni yenu nyote wawili, na vyombo vya kaure mgawane bila kununiana. Ila kile kipande cha bustani kinachoshuka hadi mferejini na kuuvuka, Alwyn, najua umeshazungumza na yule mjenzi. Usitazame dirishani; sijakasirika. Nakuomba tu usimuuzie, kwa sababu akiufukia mfereji pale, maili kumi na moja za maji zitakatika katikati, na wenzangu waliojitolea kuzoa matope yake kila Jumamosi kwa miaka thelathini watakuwa wamejichosha bure.

Kanuni yetu mnaijua: mwaka ukiisha bila chombo hata kimoja kupita milango ya maji, ile ya kupandishia na kushushia mashua, wakubwa wa serikali wanaweza kuufunga mfereji. Ndiyo maana kila mwaka tulipitisha mashua, hata tulipolazimika kuikokota kwa kamba juu ya magugu. Lakini sijawahi kuwaambia kwamba mwaka aliofariki baba yenu sikuipitisha. Nilikaa jikoni nikaacha miezi iende, na wenzangu wote walidhani nimeshapita.

Jirani yetu Bwana Pargeter alikuwa akihesabu mashua zinazopita. Kwenye mkutano wa kuamua kama mfereji ufungwe, katika ukumbi wa kanisa, alisimama mbele ya afisa wa serikali akasema, "Bibi Tranmer, huo mtaro wako umebaki na paka waliokufa tu. Nani alipita mwaka jana? Bata?"

Watu walicheka, nami nikakumbuka daftari la adhabu la shule nilikofundisha. Humo, mwaka huo huo, nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu kwamba Peggy Onions na Thirza Bebb wa darasa la tano walitoroka masomo wakapita milango yote miwili ndani ya beseni la bati la kuogea. Nikamtuma mtu alilete.

"Beseni nalo ni chombo?" afisa akauliza.

"Lilielea, bwana, likiwa na abiria wawili na mikate yao ya jemu."

Akaandika. Mfereji ulipona kwa utundu niliouadhibu, wanangu, na kesho yake niliwaomba radhi wasichana wale mbele ya darasa zima. Pargeter nimemnunia miaka ishirini. Mpelekeeni jemu ya plamu, mwambieni yamekwisha.

Rosamund, maji kidogo... Ahsante, mama.

Mwaka wetu unafungwa leo jua likizama, na mashua bado imefungwa pale chini, kwa kuwa nilikuwa nangoja nipate nafuu. Sitaipata. Alwyn, wewe shika usukani. Ukishafika ng'ambo na bado unataka kuuza, sitakuwepo kukuzuia, lakini kwanza uyapite yale maji wewe mwenyewe. Fungeni milango ya nyuma, ndipo muyaachie maji ya mbele... polepole, mashua isigonge ukuta...

Mungu awape subira. Mpendane. Msikae hapa kunitazama, nendeni, kungali na mwanga... Dirisha liacheni wazi. Nataka... niyasikie maji yakiingia.